Mnaokuja kufundisha Nunavut, baridi siyo ishu kubwa

Naulizwa sana siku hizi na walimu wenzangu waliopata kazi huku Nunavut, kaskazini mwa Kanada, na swali ni lilelile, baridi, baridi, baridi. Baridi ina dawa yake bwana, nunua koti la maana na viatu, yameisha. Kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia nikiwa bado nyumbani ni kwamba kuna wiki, hasa Aprili na Mei jua likisharudi, darasa linahamia nje kwenye bahari iliyoganda barafu, wazee wa Kiinuit, wenyeji wa asili wa huku, ndio wanafundisha na wewe na digrii yako unakuwa wa mwisho darasani, watoto wa miaka kumi wanakuzidi kila kitu.

Kambi yangu ya kwanza nilienda na daftari. Mzee mmoja kasimama kwenye tundu la barafu, wao wanaliita aglu, pale sili, yule mnyama wa baharini wanayemwinda, anapopandia kuvuta pumzi, na mimi nipo pembeni yake namuuliza, mzee, huyu sili atatoka saa ngapi, mbona umesimama upande huu, mkuki una urefu gani. Kimya. Nikasema labda haelewi Kiingereza. Anaelewa sana tu! Jioni mwanafunzi wangu mmoja, yule ambaye darasani hafungui mdomo mpaka nilishamwandikia kwenye ripoti kwamba hashiriki, akaninong'oneza kwamba sili anasikia, halafu kwao mtu mzima anayeulizauliza anaonekana hajaangalia. Nililala nimeaibika kweli.

Wana neno lao, pilimmaksarniq, serikali ya Nunavut imeliweka hadi kwenye misingi yake ya kazi, ni kuupata ujuzi kwa kuangalia, kujaribu na kurudia mpaka mkono uzoee. Usilichukulie kama neno la kubandika ukutani. Nilimwona bibi mmoja anamfundisha binti kushona kamiik, zile buti za ngozi ya sili ambazo mshono ukiwa mbovu maji yanaingia na mguu unaganda, binti akakosea, bibi akafumua mshono wote akamrudishia ngozi, hakusema neno. Mara tatu. Mimi mwalimu wa vyuo vyetu vya kuongea kutwa nzima nilikuwa nawashwa mdomo. Ya nne ikakubali, bibi akaendelea na chai yake.

Mimi kwetu Pangani, babu alikuwa mvuvi, kwa hiyo kuna vitu niliviona nikacheka peke yangu. Upande wa Igloolik wanasoma njia kwa kutumia uqalurait, yaani vituta vya theluji ngumu vyenye ncha kama ulimi, vinachongwa na upepo wa kaskazini-magharibi wanaouita uangnaq, upepo mwingine unapita lakini vile vinabaki vimelala upande uleule, basi hata kwenye giza au tufani mtu anavikata kwa pembe ileile anafika nyumbani, akihisi kwa mguu tu au kwa mtikisiko wa pikipiki ya theluji. Babu angewaelewa hawa, kusi na kaskazi alizijua hivyohivyo. Na mwezi! Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama mkondo wa maji unakuwa na nguvu, unailamba barafu kwa chini, wazee wanajua sehemu zipi za kuogopa siku hizo. Sisi si tunaita bamvua, ni jambo hilohilo ila lao lina paa la barafu juu.

Msije na ile habari kwamba vijana wana GPS kwa hiyo wazee wamepitwa. GPS watu wanazitumia tangu miaka ya 1990, lakini inakuchorea mstari ulionyooka, haijui barafu hapo katikati ina unene gani, hilo unalijua kwa kupiga na unaaq, fimbo ndefu yenye chuma mbele, na kwa rangi, ikiwa nyeusi nyeusi rudi ulikotoka. Vijana wenyewe wanachanganya, kuna app inaitwa SIKU iliyoanzia kijiji cha Sanikiluaq huku huku Nunavut, siku ni barafu ya bahari kwa lugha yao, mtu anaposti picha ya sehemu mbovu wenzake waikwepe, na majina ya mahali yapo kwa Kiinuktitut.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri maana ndipo nilipoharibu. Nilitoa homwek, kamuulize baba yako jinsi ya kujenga iglu, ile nyumba ya matofali ya theluji. Kesho yake baba mmoja akaja shule, mpole tu, akaniambia mimi nilichukuliwa mdogo nikapelekwa shule ya bweni, hakuna aliyenifundisha, sasa nimwambie nini mtoto. Sikuwa na jibu. Kuanzia miaka ya 1950 serikali iliwakusanya watu kwenye vijiji, watoto wakapelekwa bweni wakakatazwa lugha, mbwa wa kuvuta sleji wakauawa kwa wingi, kwa hiyo kuna kizazi cha katikati kilichokatika. Babu anajua, mjukuu anataka, baba yupo katikati ameinamisha kichwa. Ukiandaa kambi mwalike huyo baba kama dereva au wa kuchemsha chai, asiitwe mwanafunzi, atajifunza humohumo bila mtu kumtangaza.

Halafu pesa. Kwenda kuwinda siyo bure, petroli, risasi, pikipiki yenyewe, na mwenye hela ya hivyo mara nyingi ana ajira inayommaliza siku nzima. Zamani ngozi za sili zililipia mafuta, mwaka 1983 Ulaya wakapiga marufuku ngozi za watoto wa sili, Wainuit wala hawakuwa kwenye biashara hiyo lakini bei ikaanguka kwa wote. Kwa hiyo kazi yako ya kweli ni makaratasi, jaza fomu za mafuta mapema, hakikisha mzee amelipwa wiki hiyohiyo asizungushwe mwezi mzima, na usipange kambi kwa kalenda ya ofisi, panga kwa barafu. Ratiba yako itavurugika, zoea.

Mtoto akiua sili wake wa kwanza nyama yote inagawiwa, wazee kwanza. Mwalimu mgeni mmoja alimwambia kijana abakize kidogo apeleke kwao, kambi nzima ikanyamaza. Ukipewa kipande pokea ule, mbichi ikiwa mbichi. Mnyama wao wa nchi kavu, mwenye pembe kama kulungu, Wakanada wanamwita karibuu, miezi miwili nilikuwa naitikia ahsante.

Daftari liache ndani ya begi, kalamu yenyewe ikitoka tu nje wino unaganda.