Skripti yangu inasema Kongwa imekauka

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa ugani wilayani Kongwa. Nina skripti ya Python, yaani programu fupi, niliyopewa na rafiki tuliyesoma naye, inachukua picha za setilaiti za Sentinel-2 na kutoa ramani ya uoto, ile NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea. Misimu ya 2019 hadi 2021 ilinipa majibu yanayoendana na ninachokiona shambani. Nikiweka picha za 2022 kuja huku, uoto unashuka wilaya nzima, hata kwenye mtama ambao nimesimama mwenyewe nikauona umestawi. Wenzangu wanasema ndiyo shida ya programu za bure. Kuna kijana hapa mjini anauza programu ya kulipia iliyokrakiwa, iko kwenye flashi, 30,000. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Mtama wako ni mzima, na skripti inafanya kilekile ilichokuwa inafanya. Zilizobadilika ni namba zilizomo ndani ya picha.

Tarehe 25 Januari 2022 Shirika la Anga la Ulaya lilibadili namna ya kuandaa picha za Sentinel-2. Tangu hapo kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, huongezewa 1,000 kabla ya kuhifadhiwa, ili sehemu zenye giza, ambazo baada ya masahihisho zinaweza kuangukia chini ya sifuri, zisikatwe. Kuitoa hiyo 1,000 ni kazi ya mtumiaji. Skripti yako iliandikwa kabla, haina habari.

Piga hesabu na mimi. NDVI ni tofauti ya bendi mbili, yaani rangi mbili za mwanga zinazopimwa na setilaiti, ikigawanywa kwa jumla yake. Chukua pikseli moja ya shamba: bendi 4, nyekundu, inasoma 800, bendi 8, infraredi ya karibu, inasoma 2,800. Tofauti ni 2,000, jumla 3,600, unapata 0.56. Shamba lilelile kwa utaratibu mpya litasoma 1,800 na 3,800. Tofauti bado ni 2,000, ila jumla imekuwa 5,600, na unapata 0.36. Hakuna jani lililonyauka.

Fungua faili la MTD_MSIL2A.xml linalokuja na picha, tafuta BOA_ADD_OFFSET. Ukikuta -1000, ijumlishe kwenye kila bendi kabla ya kukokotoa. Usiweke sharti la mwaka, kwamba kuanzia 2022 itolewe 1,000, kama wengi wanavyofundishana. Picha za zamani nazo zimekuwa zikichakatwa upya, kwa hiyo ya 2019 utakayoshusha leo inaweza kuja na nyongeza ileile. Na kama unazichukua Google Earth Engine, huduma ya Google ya kuchakata picha za setilaiti mtandaoni, kwenye mkusanyo wenye neno HARMONIZED, wenyewe wameshaitoa. Ukitoa mara ya pili umeharibu upande mwingine.

Sasa hao wenzako. Habari hii ya "za bure" nimeijibu mpaka imenichosha. Hizo wanazoziita za bure ni programu huria, na huria maana yake unaruhusiwa kuifungua programu, kuisoma, kuibadili na kuigawa kwa masharti ya leseni yake. Bei ni habari nyingine. GDAL, programu huria ya kusoma mafaili ya picha na ramani aliyoianzisha Frank Warmerdam mwaka 1998, ndiyo inayofungua picha ndani ya QGIS, programu huria ya kutengeneza ramani, na imo pia ndani ya programu kadhaa za kulipia. Unaweza kulipa mamilioni, na anayekufungulia faili akawa huyohuyo wa bure. Na hiyo ya flashi? Haipokei masasisho, na kama ni toleo la kabla ya 2022 itakupa kosa lilelile, safari hii bila uwezo wa kuchungulia ndani. Virusi sivitaji.

Tatizo lenyewe liko kwetu. Tunapewa kitu kinachosomeka, tunakigeuza hirizi. Skripti inatembea WhatsApp kwa jina la "FINAL2", mistari ya juu yenye mwandishi, leseni na toleo imekatwa, na hakuna anayejua ilizaliwa wapi. Mwandishi wa asili anaweza kuwa alisharekebisha hili zamani, marekebisho hayo yatakufikaje? Tena kuna wanaodhani kila kilichowekwa mtandaoni ni huria. Msimbo, yaani maandishi ya programu, usio na leseni bado ni mali ya aliyeuandika.

Miaka michache nyuma mradi mmoja hapa Dodoma uliniita nikague ramani ya ukame ambayo tayari ilikuwa imelipiwa. Mashamba ya zabibu ya kumwagilia yalitoka matupu, barabara ya vumbi ikatoka kijani kibichi. Nikaomba skripti, aliyeichora akasema ni siri ya ofisi yake. Ilipopatikana, ilikuwa mistari arobaini ya kunakili, iliyoandikwa kwa ajili ya setilaiti ya zamani ya Landsat 5, ambayo nyekundu yake ni bendi 3 na infraredi bendi 4. Bwana huyu aliilisha picha za setilaiti ya Landsat 8, ambako bendi 3 ni kijani na 4 ndiyo nyekundu. Mmea huakisi kijani kuliko nyekundu, udongo wetu mwekundu kinyume chake, basi ramani nzima ikasimama kichwa chini. Na watu walishaanza kujadili visima vichimbwe wapi.

Kwa hiyo akija mtu na ramani, awe mshauri mwenye tai au kijana wa flashi, mwombe msimbo, toleo na orodha ya picha alizotumia. Akianza habari za siri, mwache aende na ramani yake.

Wewe muulize rafiki yako alikoitoa skripti. Akikumbuka, nenda hukohuko ukachukue toleo la sasa. Asipokumbuka, achana nayo. NDVI utaikokotoa jioni moja kwa kikokotoo cha rasta (Raster Calculator) cha QGIS, na fomula utaiona kwa macho yako. Hiyo elfu thelathini nunulia bando, maana picha moja ya Sentinel-2 inakula karibu GB 1.