Lethi ya CNC ya mtumba: pima skrubu, rangi baadaye

Swali: Nina karakana ndogo Makambako. Nakereza shafti, bushi na puli za mashine za kukoboa na kusaga. Nimeonyeshwa lethi mbili za CNC (zinazoongozwa na kompyuta) zilizotumika, zote za Kijapani na zote zina kompyuta ya Fanuc: moja ya 1994, imechubuka, nyingine ya 2006, imepakwa rangi upya. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi?

Jibu: Mwaka weka pembeni kwanza. Kinachomaliza hela ni skrubu ya gololi (inayosogeza visu), kitanda na beringi za spindo (mhimili unaozungusha kazi). Bodi ya Fanuc ikifa unaweza kuipata ya mtumba ukaibadilisha. Skrubu iliyolika huagizwa kwa vipimo vya mashine hiyo hiyo, na mashine inakaa bure ukiingoja.

Nenda na saa ya kupimia usogeo, yenye sumaku. Bandika sumaku kwenye uso wa chaki (kibanio cha kazi), ncha iguse tareti (kichwa kinachobeba visu). Kwa gurudumu la mkono sogeza Z (mwendo wa kufuata urefu wa kitanda) mara kadhaa upande mmoja, weka saa sifuri, songa tena 0.1 mm upande uleule, kisha rudi 0.1 mm. Saa ikibaki kwenye 0.02 badala ya sifuri, huo ndio mchezo. Sasa hamishia sumaku kwenye teilistoki (kichwa cha nyuma, mkabala na chaki), upime tena mbali na chaki. Mchezo ukiwa 0.03 karibu na chaki na 0.005 kule mbali, skrubu imelika pale ilipofanyia kazi miaka yote, na hakuna parameta (namba ya mpangilio kwenye kompyuta) ya kuliponya hilo: fidia ni namba moja kwa skrubu nzima. Ukilingana kote, huenda ni beringi za mwisho wa skrubu, na hizo hubadilishwa.

Kwenye X (mwendo wa kuingia na kutoka kwenye kazi) angalia usijichanganye. Skrini kwa kawaida huhesabu kipenyo, kwa hiyo ukisogeza 0.1 saa itasogea 0.05. Hiyo si kasoro.

Kisha fungua parameta. Kwenye Fanuc za kundi la 18i na 21i, fidia ya mchezo ni namba 1851. Kwenye ya 1994 namba inaweza kuwa tofauti, tazama kitabu chake. Kwa kawaida 1 ni mikroni 1. Ukikuta 60 au 80, fidia inauficha mchezo: saa yako inaweza kusoma vizuri kabisa huku skrubu imekwisha. Mimi rangi mpya huniongezea shaka tu.

Beba chuma chako cha mm 50. Kitoe mm 150 nje ya chaki, pitisha mkato mwepesi wa mwisho, upime ncha zote mbili kwa maikromita. Tofauti ikizidi 0.02, kichwa chenye spindo kiliwahi kugongwa kikahama au kitanda kimelika. Spindo izungushe nusu saa kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, halafu weka kiganja karibu na beringi ya mbele: vuguvugu sawa, mkono usipovumilia achana nayo.

Uliza imekaa yadini imezimwa kwa muda gani. Betri ya kumbukumbu ikiisha, parameta zinafutika na unanunua chuma kimya. Orodha ya parameta mara nyingi huwa ndani ya mlango wa kabati la umeme. Isipokuwepo, zinakiliwe kwa RS-232 (tundu la waya wa data) kabla hujalipa. Betri hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa.

Lethi nyingi za Kijapani hutaka volti 200 za fezi tatu, TANESCO wanakupa 400, kwa hiyo weka bei ya transforma kwenye hesabu. Ukubwa wake (kVA) soma kwenye kibati cha mashine. Pampu ya haidroliki isipotoa presha siku ya kwanza, huenda inazunguka kinyume: badilisha nyaya mbili za fezi kabla ya kufungua chochote. Na kwa kuwa mko juu sana ya mita 1,000, hewa nyepesi hupoza vibaya: feni na vichujio vya kabati viwe safi.

Tareti na teilistoki zifungwe kabla ya lori kuondoka Dar. Mteremko wa Kitonga njiani hauna huruma na kitu kilicholegea.

Ya 1994 ikipita vipimo hivi na parameta zipo, ichukue hiyo. Kumbukumbu yake ni ndogo, lakini programu ya shafti au bushi haizidi mistari michache.