Kutambua elektroni za uso katika kristali za risasi, bati na seleni

Ndugu uliyeuliza kama mchoro mmoja wa fotoelektroni (elektroni zinazong'olewa na mwanga) unatosha kuthibitisha kwamba kristali yako ya risasi, bati na seleni ina elektroni za uso za kitopolojia, yaani zinazopitisha umeme usoni huku ndani kukiwa kihami: hautoshi, nami nasema hivyo kutokana na vipimo nilivyofanya kwa kristali za aina hiyohiyo.

Kundi hili la vihami, liitwalo vihami vya kitopolojia vya kristali, ambalo mwanafizikia Liang Fu alilipendekeza mwaka 2011, hulindwa na ulinganifu wa kioo wa kristali yenyewe. Ndiyo maana uso wa (001), yaani ulio sambamba na upande wa mchemraba wa kristali, huwa na koni nne za Dirac (mahali ambapo bendi mbili, yaani safu za nishati za elektroni, hukutana kwenye ncha), yaani idadi shufwa, zikikaa mbilimbili jirani na nukta za X, zilizo ukingoni mwa ramani ya momenta. Ukiona koni moja katikati ya ramani hiyo, kwenye nukta ya Gamma, kagua kwanza namna ulivyoielekeza sampuli.

Jaribio linalotajwa na wengi ni kubadilisha nishati ya fotoni, kwa kuwa bendi ya ndani husogea kadiri momenta ya wima (ile ya kutoka ndani kwenda usoni) inavyobadilika, ilhali ya uso hubaki palepale. Hata hivyo, taa ya heli hutoa hasa fotoni za elektronivolti (eV) 21.2 na, kwa mwanga hafifu zaidi, 40.8 eV, kwa hiyo bila sinkrotroni, yaani kiharakishi cha elektroni kinachotoa mwanga wa nishati mbalimbali, hutafika mbali. Mimi nalipa uzito mkubwa jaribio la joto. Mwaka 2012 mtafiti Dziawa na wenzake walionyesha kwamba kristali ambayo bati imeshika asilimia 23 ya nafasi za metali huwa na pengo la nishati (nafasi isiyo na elektroni kati ya bendi) kwenye joto la chumba, lakini ikipozwa sana bendi zake za ndani hubadilishana nafasi na usoni hujitokeza koni isiyo na pengo. Bendi ya kawaida haina sababu ya kufuata mkondo huo.

Sisi tuligundisha kijiti cha kauri juu ya kristali kwa gundi yenye fedha, tukakigonga ndani ya ombwe hadi kristali ikapasuka na kuacha uso unaong'aa. Uso huo huanza kuchakaa mara moja kwa gesi zilizosalia, na kiwango cha Fermi, yaani nishati ambayo elektroni hujaa hadi hapo, husogea. Kwa hiyo pima kwenye baridi, pandisha joto, kisha rudi kwenye baridi ulinganishe. Kiwango cha bati nacho kipime kwenye kipande kilekile ulichopasua, maana hubadilika kutoka ncha moja ya kristali hadi nyingine, na joto ambalo bendi hubadilishana nafasi hubadilika nacho.