Muuguzi ndiye anayemwona mtoto kwanza
Dada, umeuliza kwa nini muuguzi asomeshwe afya ya mazingira ilhali maafisa wa afya ya umma wapo. Fikiria Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi sumu ya madini ya risasi (lead). Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mtoto mwenye risasi mwilini huweza kuletwa zahanati na maumivu ya tumbo na upungufu wa damu, dalili zinazoweza kufanana na za minyoo. Atapewa dawa ya minyoo, arudishwe kwenye vumbi lilelile lenye risasi! Muuguzi aliyefunzwa atamuuliza mama: mnaishi karibu na nini? Baba anafanya kazi gani, na nguo zake za kazini zinafuliwa wapi? Kisha ataomba damu ipimwe risasi.