Ukinzani wa modeli, ukinzani wa meli, na hesabu ya kurejelewa kwa William Froude

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa meli. Nimekokota modeli ya mita 3, kipimo 1:20, kwa mwendo wa mita 1.38 kwa sekunde, nikapima ukinzani wa niutoni 11.5. Nilipozidisha kwa 20³ nilipata niutoni 92,000 kwa meli ya mita 60 iendayo noti 12. Msimamizi wangu anasema nimezidisha mno. Kosa liko wapi? Pia, maandiko ya William Froude, mhandisi Mwingereza wa karne ya 19, naona yamerejelewa mara chache kuliko makala ya Holtrop na Mennen ya 1982 kuhusu kukadiria nguvu ya meli. Nimpunguze kwenye tasnifu?

Jibu: Mwendo umeupata sawasawa. Noti 12 ni mita 6.17 kwa sekunde. Ukigawa kwa kipeuo cha pili cha 20 unapata 1.38, na nambari ya Froude (mwendo ÷ kipeuo cha pili cha mvutano wa dunia × urefu) ni 0.254 kwa modeli na kwa meli. Hapo mawimbi yanafanana kwa umbo, kwa hiyo ukinzani wa mawimbi unakubali kuzidishwa kwa 20³ (pamoja na uwiano wa densiti za maji). Msuguano haukubali. Wenyewe unafuata nambari ya Reynolds (mwendo × urefu ÷ unato wa maji), na ili kuilinganisha ingebidi modeli ivutwe kwa mita zaidi ya 100 kwa sekunde. Haiwezekani, ndiyo maana Froude aliutenganisha ukinzani mafungu mawili.

Hukutaja eneo linaloloa wala joto la maji, basi nachukua mita za mraba 2 na maji baridi ya nyuzi 25. Gawa niutoni 11.5 kwa nusu ya densiti × eneo × mwendo wa mraba: kizigeu cha ukinzani wote ni 0.00606. Kizigeu cha msuguano kinatoka kwenye mstari wa ITTC, mkutano wa kimataifa wa matangi ya kukokotea modeli, uliokubaliwa Madrid mwaka 1957: 0.075 ÷ (logi ya Reynolds − 2)². Modeli yako ina Reynolds ya milioni 4.64, kwa hiyo 0.00344. Meli, katika bahari ya nyuzi 15 ambayo ndiyo kawaida ya kuripoti, ina milioni 311, kwa hiyo 0.00178. Ni karibu nusu, na hilo ndilo ulilolipuuza.

Tuseme kigezo cha umbo, 1+k, yaani mara ambazo umbo la meli huuzidisha msuguano, ni 1.20. Mawimbi yanabaki 0.00606 − 1.20 × 0.00344 = 0.00193. Kwa meli rudisha 1.20 × 0.00178, ongeza 0.00193, kisha nyongeza ya ukwaru wa bati, mfano 0.0004. Jumla ni 0.00447. Kwa eneo la mita za mraba 800 unapata kilonyutoni 70 hivi, sawa na kilowati 430 za kukokota meli. Hesabu yako ingedai kilowati 568, na mwenye meli angenunua injini kubwa bure.

Hiyo 1+k usiibuni. Kokota modeli polepole, Froude kati ya 0.1 na 0.2, uchore ukinzani wote ÷ msuguano dhidi ya Froude⁴ ÷ msuguano. Pale mstari unapokata mhimili wa wima ndipo 1+k ilipo. Hii ni njia ya Prohaska. Huharibika tezi (nyuma ya meli) bapa ikizama majini, au omo (mbele ya meli) yenye kibonge ikiwa karibu na uso wa maji: nukta hupinda na mstari hukosa maana. Kosa jingine, tena baya zaidi kwa modeli ndogo, ni maji kutiririka kwa utulivu kwenye omo. Ukinzani unaopimwa huwa mdogo kuliko ukweli. Bandika safu ya vijiti vya milimita 3 hivi, kila milimita 25, nyuma kidogo ya omo. Na kati ya mkokoto na mkokoto subiri maji yatulie kabisa; dakika 15 si nyingi.

Sasa Froude. Usimpunguze. Tangi lake la Torquay lilianza kazi 1872, na ripoti ya kukokotwa kwa manowari Greyhound, ya 1874, ilithibitisha kwa meli halisi kwamba modeli inaweza kuaminiwa. Leo kila mtu anaandika nambari ya Froude bila kutaja andiko lake, kwa sababu jina limekuwa kipimo. Mstari wa 1957 nao ni wa kamati, hauingii kwenye hesabu ya mtafiti yeyote. Holtrop na Mennen wanarejelewa sana, na kwa haki: walitoa fomula zilizo tayari, zinazomwezesha msanifu kukadiria nguvu ya injini kabla hajachonga modeli. Idadi ya kurejelewa inaonyesha kazi inayotumika moja kwa moja. Haionyeshi msingi ulioibeba, wala ripoti za matangi na za mikutano, ambazo injini nyingi za kutafuta huziruka. Fahirisi ya h, kipimo cha mtafiti kwa idadi ya makala zake na marejeo yake, aliyoibuni Hirsch mwaka 2005, ina upungufu uleule, hivyo usiitumie kumlinganisha mtu wa karne ya 19 na wa leo.

Kwenye tasnifu mtaje Froude kwa wazo la kutenganisha mafungu, ITTC kwa mwongozo namba 7.5-02-03-01.4 pamoja na mwaka wa toleo ulilotumia, na Holtrop na Mennen iwapo tu umezikokotoa fomula zao. Kando ya jedwali lako andika joto la maji, 1+k, eneo linaloloa na nyongeza ya ukwaru. Bila hivyo vinne hakuna atakayeweza kuirudia hesabu yako.