Kwa Anayeanza Ujaji wa Tuzo za Hadithi za Ajabu za Watoto

Ukialikwa kwa mara ya kwanza kuwa jaji wa tuzo ya fantasia au hadithi za kisayansi za watoto, uliza mapema mshindi hupatikana vipi. Tuzo ya Lodestar ya vitabu vya vijana, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, huamuliwa kwa kura za wanachama wa kongamano la dunia la hadithi za kisayansi, ilhali tuzo za Aurealis za Australia, zilizoanzishwa mwaka 1995, hutegemea majopo ya majaji. Ninayoyaeleza hapa yanamhusu jaji wa jopo, ambaye kosa lake halimezwi na wingi wa kura.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba, maadamu hadithi ni ya ajabu, lolote linaruhusiwa ndani yake. Muswada mmoja nilioupa alama za juu ulihusu ungo wa kurukia uliokataa kumbeba mwongo. Nilimsomea mpwa wangu wa miaka tisa (kwa idhini ya mratibu, kwa kuwa miswada ni siri), na tulipofika sura ya saba akanikatiza: "Mjomba, si huyu aliyemdanganya bibi yake? Ungo umembebaje?" Nilipekua kurasa za nyuma nikakuta mtoto amesema kweli: mwandishi alikuwa amesahau sheria aliyoiweka mwenyewe, nami nilikuwa nimelewa utamu wa lugha yake. Tangu hapo huziandika sheria za kila hadithi kwenye karatasi ya pembeni kadiri ninavyosoma, na sura kadhaa huzisoma kwa sauti.

Alama zako zijaze kabla ya kikao, na ukimfahamu mwandishi, sema na ujitoe.

Kikaoni ndiko kwenye kazi. Mwenzetu mmoja aliupinga muswada uleule akidai kuwa ungo ni uchawi, si fantasia, na kwamba wapo wazazi watakaokikataa kitabu. Hoja hiyo haikustahili kubezwa, kwa maana kwetu mpaka kati ya kinachobuniwa na kinachoaminiwa ni mwembamba, lakini watoto waliozoea kuitikia "Pakawa!" wanajua kuliogopa zimwi la hadithini bila kulitafuta uvunguni asubuhi. Baada ya mabishano marefu tulikubaliana kupima ungo unafanya kazi gani katika hadithi. Muswada ukapunguziwa alama kwa sababu ya sura ya saba peke yake, ukaingia kwenye orodha fupi ukiwa wa nne.