Laini ya DSL na gemu: kabla hujaongeza kasi, itafute foleni ilipo

Kila nikisikia mtu amepandisha kifurushi cha intaneti ili pingi (milisekunde ambazo data inatumia kwenda kwenye seva na kurudi) ishuke kwenye gemu, naumia, maana hela hiyo nami niliitoa na pingi ikabaki palepale.

Niko Dar es Salaam, nacheza Counter-Strike 2 kwenye seva za Johannesburg. Intaneti ya nyumbani ni DSL, inapita kwenye waya uleule wa shaba wa simu ya mezani ya mama. Kushusha napata megabiti 6 kwa sekunde, kupandisha ni kilobiti 800 tu. Mchana pingi ilikuwa 70 na kitu. Ikifika saa mbili usiku inaruka mpaka 900, nakufa wakati nimeshajificha nyuma ya ukuta. Nikapiga huduma kwa wateja, dada akapima, akaniambia, "Kaka, kasi yako iko vizuri." Na kweli ilikuwa vizuri.

Jibu nililipata siku nilipokaa na kupima mwenyewe. Kwenye kompyuta nilifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika ping -t 192.168.1.1, ambayo ni namba ya ruta yangu. Dirisha la pili nikaweka namba ya kituo cha kwanza nje ya nyumba. Hiyo utaiona ukiandika tracert na jina la tovuti yoyote. Dirisha la kwanza likaonyesha 2, 1, 38, 3, 112. Hiyo ni Wi-Fi, na hapo data hata getini haijafika. Nikachomeka waya wa LAN, zikawa 1 mtindo mmoja. Kama unacheza kwa Wi-Fi, anzia hapo, hata kama waya itabidi upite juu ya mlango.

Dirisha la pili lilitulia kwenye 26. Saa mbili na nusu likaanza: 27, 26, 640, 1,180, 1,240. Nikainuka kuzunguka nyumba. Simu ya mdogo wangu ilikuwa kwenye chaji sebuleni, inapandisha picha za sendoff kwenda kwenye hifadhi yake ya mtandaoni. Nikazima Wi-Fi ya simu. Narudi kwenye kiti nakuta 26, 27, 26.

Kinachotokea ni hiki. Simu inasukuma picha haraka kuliko laini inavyoweza kuzitoa, kwa hiyo modemu, kile kifaa kinachounganisha nyumba na waya wa simu, inaziweka kwenye kumbukumbu yake zisubiri. Kilobaiti 128 za picha zikiwa zimepanga foleni, kwa kilobiti 800 zinahitaji zaidi ya sekunde nzima kutoka. Risasi yako, ambayo ni pakiti ndogo sana, inasimama nyuma yake. Mhandisi wa Marekani Jim Gettys ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina la bufferbloat, na ukilitafuta jina hilo utapata vipimo vya bure vya kuona laini yako inaumwa kiasi gani. Kwenye DSL unauma zaidi kwa sababu njia ya kupandisha ni nyembamba mno kuliko ya kushusha.

Dawa yake inashangaza: punguza kasi. Ukiiambia ruta isitoe zaidi ya asilimia 85 ya uwezo wa laini, modemu haipati cha kurundika, foleni inabaki kwenye ruta, na ruta unaweza kuifundisha nani apite kwanza. Mimi nilinunua ruta ya mtumba inayokubali OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta), nikaiweka nyuma ya modemu, nikawasha SQM, sehemu yake ya kusimamia foleni, na kuchagua cake, mojawapo ya mbinu zake za kupanga foleni. Kupandisha nikaweka 680. Kama laini yako ni ADSL, ile DSL ya zamani ya kawaida, jaza na sehemu ya ATM (si ya benki, ni mfumo wa kusafirisha data), kwa sababu humo data hukatwa vipande vya baiti 53 na ndani yake zako ni 48 tu. Usipohesabu hilo, kikomo ulichoweka kitakuwa juu kuliko ukweli na foleni itarudi kwenye modemu. Ruta ya familia iliyo moja tu usiifanyie majaribio.

Baada ya hapo, picha zikipanda, 26 inafika arobaini na kitu. Sifuri haiwezekani: pakiti moja kubwa ya baiti 1,500 kwa kasi hiyo inachukua milisekunde 17 hivi kupita.

Ilibaki hiyo 26 yenyewe. Kwenye ukurasa wa hali ya laini, modemu iliandika "Interleaved". Maana yake kampuni inachanganya data na kuipanga upya ili makosa ya waya yasahihishwe njiani, na kuchanganya huko kunakula muda. Unaweza kuomba uwekwe "Fast", yaani bila kuchanganya huko, ila laini iwe safi kwanza. Yangu haikuwa safi. Wakati wa masika "SNR Margin", kipimo cha desibeli kinachoonyesha mawimbi ya laini yanaizidi kelele kwa akiba kiasi gani, ilikuwa inashuka chini ya 6, na mama akiinua simu anasikia mchakacho. Fundi alipofungua kisanduku cha ukutani, kiungo cha shaba kilikuwa na kutu ya kijani na nyuzi mbili tu ndizo zilizoshika. Akakata, akaunga upya, akabadilisha na kichujio cha simu ya mama. SNR ikapanda hadi 11. Wiki iliyofuata wakaniweka "Fast", na 26 ikawa 12.

Sasa Johannesburg naipata kwa 56. Chini ya hapo sitarajii makubwa: mwanga kwenye faiba unakwenda kilomita 200 hivi kwa milisekunde, kutoka hapa mpaka kule ni takriban 2,400 kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi ni 24 tayari, na nyaya hazinyooki. Ndiyo maana seva za Ulaya nimeziondoa kabisa kwenye orodha ya gemu.

Jana mdogo wangu amepandisha video nzima ya kitchen party nikiwa katikati ya mechi. Nilijua aliponiambia asubuhi.